Vitambaa vya Mama Goodluck

Ukiingia sebuleni kwa Ursula Mapunda, pale Lizaboni, Songea, usikae kwanza. Subiri uoneshwe pa kukaa. Makochi yapo, tena mapana, lakini kila kochi lina kitambaa cha kufuma mgongoni na viwili kwenye mikono, na kitambaa hicho hakikaliwi, hakiegemewi, wala hakisogelewi na mtu aliyepaka mafuta kichwani. Televisheni ina kitambaa. Redio iliyokufa zamani ina kitambaa. Friji ina kitambaa, juu ya kitambaa pana chupa ya chai, na chupa nayo imevalishwa sketi ya kufuma yenye pindo la maua. Hata mtungi wa gesi una sketi. Mume wake, Mzee Leo, aliyeendesha malori mpaka akastaafu, ndiye pekee asiye na kitambaa katika nyumba ile. Yeye hukaa kwenye kigoda cha jikoni, maana amechoka kuambiwa ainue kichwa kwenye kochi alilolinunua mwenyewe.

Vitambaa vyenyewe, tuseme haki, vilikuwa vizuri. Vimenyooka, vina maua ya nanasi yaliyopangana bila kugombana, na ukivigeuza huoni fundo lilipofichwa. Watu waliviangalia wakasema Mama Goodluck ana mkono. Mama Goodluck, ndiye Ursula huyohuyo, aliinamisha macho kwa unyenyekevu mkubwa, unyenyekevu wa mtu anayesubiri asifiwe mara ya pili.

Katika jumuiya yao ya kanisani kulikuwa na desturi moja iliyompa Ursula ulaji wa sifa usiokauka. Mtoto akizaliwa, akina mama huenda kumwona mzazi wakiwa na unga wa ulezi, sabuni na kanga. Kabla chai haijamiminwa, kofia aliyofuma bibi mzaa baba huvuliwa kichwani kwa mtoto na kupitishwa mkono kwa mkono. Kila mmoja huingiza ngumi yake ndani ya kofia, huizungusha, huangalia mafumo kwa nje, kisha kwa ndani, halafu humpa wa pili yake. Kofia ya dukani haihesabiki. Ya kununua kwa mfumaji mwingine ndiyo aibu kabisa, kwa sababu akina mama wale wanajuana mikono. Huyu anavuta sana uzi, yule analegeza, yule wa kule kona ya mwisho hufunga mzunguko kwa fundo la pembeni. Unaweza kumdanganya padri kwenye maungamo kabla hujamdanganya mmoja wa akina mama wale juu ya kofia.

Nani aliianzisha desturi hiyo, hakuna anayekumbuka. Aliyeinoa mpaka ikawa na makali ni Ursula. Kofia ilipomfikia yeye, chumba kizima kilinyamaza. Aliinua juu kuelekea dirishani, akafumba jicho moja, akaguna. Kofia aliyofuma mwenzao Edna kwa ajili ya mjukuu wake wa kwanza, Ursula aliigeuza mara mbili, akauliza kwa upole kama ni kofia au ni kichujio cha togwa. Watu walicheka mpaka wakafuta machozi. Edna alifutia machozi yake jikoni. Baada ya hapo alihamia jumuiya nyingine, ingawa nyumba yake haikuhama.

Sasa ukweli. Ursula alikuwa hajui kufuma.

Hajui kabisa. Hakuwa mtu aliyejua kidogo akajigamba sana. Katika usichana wake alipelekwa kwa masista Peramiho kujifunza maarifa ya nyumbani, yeye pamoja na Devota, mtoto wa mama yake mdogo, kutoka kijiji cha Mpitimbi. Ursula alikuwa na mdomo mwepesi na vidole vizito. Devota alikuwa kinyume chake. Sista alipogeuka, Ursula alimpigia Devota hadithi, na Devota alifuma vya watu wawili huku akichekea tumboni. Ursula alipoolewa, alifika kwa mama mkwe na sanduku la vitambaa, mama mkwe akalia kwa furaha mbele ya ukoo mzima, na hapo tena hapakuwa na njia ya kurudi nyuma. Mtu ukishaliliwa na mama mkwe kwa furaha, utamwambia nini?

Basi ikawa hivyo, mwaka juu ya mwaka. Ursula alikwenda Mpitimbi kumsalimia mdogo wake akiwa na sukari, sabuni na umbea wa mjini, akarudi na mfuko wa viazi vitamu ambao chini yake mlikuwa na vitambaa. Kwenye mikutano ya jumuiya alibeba kikapu chenye kazi iliyoanzwa na Devota, sindano yake ya kufumia yenye kichwa kilichopinda ikiwa imechomekwa palepale Devota alipoishia. Alidokoa dokoa, akaviringisha uzi kidoleni, akashusha pumzi, akasema amekosea, akafumua. Kitambaa kimoja kilihudhuria mikutano kuanzia Kwaresma hadi Majilio bila kuongezeka hata upana wa kidole. Hakuna aliyeshangaa. Walisema Mama Goodluck hapendi kazi ya kulipua.

Goodluck, mwanaye wa pekee, akaoa. Alimwoa Tumpe, mwalimu wa hesabu aliyehamishiwa Songea kutoka Rungwe, mwanamke mrefu, mtaratibu, asiyejua kupaka mtu mafuta kwa mgongo wa chupa. Siku akina mama walipokwenda kumkaribisha nyumbani kwao Mshangano, walimkuta ametandika meza kwa plastiki yenye picha za ndizi. Wakamuuliza kama anafuma. Akajibu kwamba hafumi, hajui, na muda akiupata huwa analala. Alisema hivyo huku akiwamiminia chai, bila aibu yoyote, kama mtu anayetaja kabila lake. Ursula aliona dunia inamzunguka. Njiani kurudi aliwaeleza wenzake kwa urefu kwamba wasichana wa siku hizi wanaolewa mikono mitupu, na kwamba yeye kwa umri kama ule alikuwa ameshafuma nyumba nzima.

Kisha Tumpe akapata ujauzito, na Ursula akafanya kosa la maisha yake. Alisimama kwenye mkutano wa jumuiya, kipengele cha matangazo, baada ya tangazo la usafi wa kigango, akasema kwamba kofia atakayomfumia mjukuu wake haijawahi kuonekana Songea hii. Kunegunda, fundi cherehani na mkubwa wa akina mama pale, mtu mwenye macho ya kuona uzi uliokatika kutoka ng'ambo ya barabara, aliuliza itakuwa ya rangi gani. Ursula akasema nyeupe, ya sufu laini, yenye pindo la maua ya nanasi, na soksi zake. Akina mama wakapiga makofi. Siku hiyo aliondoka pale akitembea katikati ya barabara.

Wiki iliyofuata alikwenda Mpitimbi na sukari yake. Alimkuta Devota amekaa mkekani, mgongo ukutani, mkono wa kulia umefungwa hogo jeupe kutoka kwenye vidole hadi kiwikoni. Bodaboda iliteleza kwenye matope njiani kutoka kliniki, akaangukia mkono ukavunjika. Ursula alitoa pole, tena pole za dhati, akakaa, akauliza kuhusu maumivu, akasikiliza kisa chote cha bodaboda na matope. Alijitahidi sana kungoja kabla ya kuuliza alilokuja nalo. Devota alimwona anavyojitahidi, akamwacha ajitahidi zaidi.

"Daktari kasema nisishike hata kijiko mpaka watu wamalize kuvuna," Devota alisema mwishowe.

Ursula akahesabu kichwani. Mtoto angezaliwa mahindi yakiwa bado yanavunwa. Akauliza kwa sauti ndogo kwamba, sasa, ile kofia ya mjukuu itakuwaje.

"Utaifuma," alisema Devota.

Alimwambia bila kumwangalia, akijikuna juu ya hogo. Ursula akacheka kidogo, akidhani ni utani. Devota hakucheka. Alimwagiza alete kapu lililokuwa mvunguni mwa kitanda, achague uzi na sindano, akae chini. Siku mbili nzima Ursula alikaa chini. Devota alikuwa ameegemea ukuta kama hakimu, mkono wake juu ya mto, akitoa amri kwa raha ambayo hakujaribu hata kuificha. Ingiza. Vuta uzi. Pitisha. Fumua. Ingiza tena.

"Siyo hapo, dada. Hapo umefuma kanga yako."

Akamweleza kwamba kofia na kitambaa cha meza mwanzo wao ni mmoja. Unafunga duara dogo, unalizunguka kwa mafumo, kila mzunguko unaongeza kwa hesabu ileile ili duara litulie. Likifika upana wa kichwa unaacha kuongeza, na kofia inaanza kushuka yenyewe. Ukiendelea kuongeza unapata kitambaa. Ukisahau kuhesabu unapata kabichi. Ursula alipata kabichi tatu siku ya kwanza. Na alikuwa na ugonjwa wake wa pekee ambao Devota, katika maisha yake yote ya kufuma, hakuwahi kuuona kwa mtu mwingine. Kila akifika mwisho wa mzunguko aliruka tundu la mwisho, halafu kwa kujihurumia akaingiza mara mbili kwenye tundu la kwanza. Basi badala ya mshono kushuka wima, ulipinda na kuzunguka kofia kama kovu. Akikasirika alivuta uzi kwa nguvu, na alikasirika mara nyingi, kwa hiyo hapa na pale mafumo yalijikaza yakawa vijiwe. Devota alimrekebisha mpaka akachoka, kisha akamwambia aendelee hivyohivyo, Mungu anajua nia.

Jioni ya siku ya pili Ursula alilalamika kwamba shingo inamuuma, mgongo unamuuma, na macho yanamtoka machozi. Devota alisema yeye shingo ilianza kumuuma mwaka Goodluck alipobatizwa, walipotaka vitambaa vya ukumbi mzima. Ursula alishika sindano akaingiza kwenye tundu lisilo lake.

Nyumbani Lizaboni hapakuwa na mahali pa kufumia bila kuonekana. Mwanamke anayesifika kwa kufuma hawezi kuonekana barazani anahesabu kwa vidole. Ursula akamwambia mumewe kwamba mwaka huu atapukuchua mahindi ya kwanza yeye mwenyewe, taratibu, ghalani, na asisumbuliwe. Akaingia ghalani na kikapu, akafunga mlango, akakaa juu ya gunia. Alijaribu na simu pia. Mama wa kwenye video alikuwa na kucha ndefu na haraka zake, na kila alipofika penye ugumu, bando lilikatika. Akaitupa simu kwenye mahindi, akarudia amri za Devota kwa mdomo, ingiza, vuta, pitisha, huku jasho jembamba likimtoka katika baridi ya Juni.

Rundo la mahindi lilikuwa halipungui, jambo ambalo hata kuku wangeligundua. Mzee Leo aliliona siku ya tatu. Ni mtu aliyeishi na Ursula kwa miaka mingi bila kuegemea kochi, kwa hiyo alikuwa na uzoefu wa kutouliza. Mkewe alipokwenda kisimani au sokoni, yeye aliingia ghalani akapukuchua debe moja, akalisawazisha vizuri rundo, akatoka. Ursula aliona mahindi yanapungua akadhani ni kwa jitihada zake. Mtu aliyezoea kufanyiwa hashangai.

Kofia ikaisha. Maua ya nanasi yalikuwa yameshafutwa kwenye mpango mapema sana, na soksi pia. Kilichopatikana ni kitu cheupe chenye umbo la kofia ukiamua kuwa mkarimu. Upande mmoja ungefunika sikio na nusu ya shavu, upande wa pili ungeishia juu ya sikio. Ukingo ulikuwa na mawimbi, kovu liliizunguka kofia kutoka utosini hadi chini, na vijiwe vilikaa palepale hasira ilipompanda. Ursula aliiweka magotini, akaitazama. Alijua ni mbaya. Alikuwa amezihukumu kofia za watu wengi mno asijue. Lakini aliikunja, akaifungua tena, akaipitisha kwenye ngumi yake, na akajikuta anatabasamu peke yake ghalani kama mwehu. Aliipenda. Hakuwahi kukipenda kitambaa chochote cha pale sebuleni, alivilinda tu.

Mjukuu akazaliwa, mvulana. Akina mama wakapanga kwenda kumwona Jumapili baada ya misa. Ursula naye akapanga lake. Jumamosi alikwenda Mshangano, akaitoa ile kofia kwenye mkoba ikiwa imefungwa kwenye kanga, akampa Tumpe akiwa ameangalia pembeni. Alisema hiyo ni ya kulalia, ya ndani kwa ndani, mtu asiione. Ile ya wageni ameifua, haijakauka, italetwa baadaye. Alishapanga kwamba haitakauka mpaka hogo la Devota litakapofunguliwa.

Tumpe aliigeuza mikononi. Akauliza kama kaifuma mwenyewe.

Hapo Ursula alikwama. Vitambaa vya mwenzake alikuwa amesema ni vyake bila kupepesa macho, kwa miaka, mbele ya mapadri na washenga. Hiki kimoja kilichokuwa chake kweli kilimfanya aangalie sakafu. Akasema ndiyo, kwa sauti ambayo hata yeye hakuisikia vizuri.

"Inamtosha," Tumpe alisema, akamvalisha mtoto palepale. Haikumtosha. Ilimwangukia jichoni. Tumpe akaisogeza kwa kidole, mtoto akaendelea kulala.

Jumapili palikuwa na upepo wa baridi unaoteremka kutoka milima ya Matogoro na kuingia ndani hata madirisha yakifungwa. Akina mama walifika na unga, sabuni, kanga, na kazi zao za kufuma vikapuni. Ursula alikuwa jikoni anakoroga uji wa mzazi, amejiandalia hotuba kuhusu kofia isiyokauka. Alikuwa amemsisitiza Tumpe amvue mtoto kofia, amfunike kwa shali tu. Tumpe alikuwa ameitikia, kisha akaona baridi ile, akaona kichwa cha mwanaye, akafanya alichofanya. Ursula alipotoka na sinia la vikombe, kofia ilikuwa imeshavuliwa na ilikuwa mkono wa nne.

Walikuwa wanacheka. Hawakumcheka Ursula, maana nani angemdhania? Walikuwa wanamcheka Tumpe. Waliona kofia ile wakajua mara moja kwamba haiwezi kutoka mkono wa Mama Goodluck, basi imetoka kwa mwalimu, kajaribu maskini kumfurahisha mama mkwe. Walicheka kwa upendo, ule upendo wa kuchoma. Mmoja alisema hesabu za darasani na hesabu za matundu ni vitu viwili. Mwingine akaivaa kwenye goti. Ikamfikia Kunegunda, akaingiza ngumi yake, akazungusha, akainua kuelekea dirishani.

"Mwalimu," alisema Kunegunda, "hii ni kofia, au ni kichujio cha togwa?"

Ilikuwa sentensi ya Ursula mwenyewe, wala Kunegunda hakubadilisha neno. Chumba kikaangua kicheko. Tumpe alimwangalia mama mkwe wake aliyesimama mlangoni na sinia. Alimwangalia tu, akisubiri, mtoto mapajani mwake akiwa kichwa wazi.

Mdomo wa Ursula ulikuwa mwepesi tangu usichana wake, na ulitangulia kabla yeye hajafika.

"Msimcheke jamani," ulisema. "Kwao hawafumi. Tutamfundisha pole pole."

Akina mama wakacheka zaidi, wakasema huyo ndiye mama mkwe, mwenye subira. Kunegunda akasema sasa tuoneshwe ile yenyewe. Ursula alianza hotuba yake ya kofia isiyokauka, lakini Tumpe alimkatiza, kwa heshima kabisa, kwa sauti ile ya mwalimu anayemwita mtoto ubaoni.

"Sawa, mama. Nifundishe leo, hapahapa. Na hawa wote wanisaidie kuangalia."

Wazo likapendwa. Kumwona Mama Goodluck akifuma kuanzia mwanzo, siyo kudokoa dokoa mkutanini, hilo lilikuwa jambo la kusimulia. Kunegunda akatoa uzi wake mweupe na sindano yake, akavinyoosha. Ursula alikuwa na sababu za kutosha. Miwani kaiacha nyumbani. Mkono unamsumbua na baridi. Uji utaungua. Alikwishafungua kinywa aanze na miwani. Wakati huohuo Kunegunda, kofia bado iko katika mkono wake wa kushoto, aliivuta kwa vidole viwili kuonesha kovu linavyozunguka, akasema aliyefuma hii lazima alikuwa anafukuza nyani shambani kwa mkono mwingine. Wakacheka tena.

Na hapo kitu kikampanda Ursula. Tusimsingizie toba. Ilikuwa hasira. Miaka yote ile watu walisifia vitambaa, na sifa zile zilimpita ubavuni zikaenda Mpitimbi kwa mwenyewe, yeye akibaki ameinamisha macho bure. Leo kwa mara ya kwanza walikuwa wanaongea juu ya kazi yake. Ghala lile, gunia lile, shingo ile, kabichi zile zote alizofumua mpaka uzi ukawa mweusi ikabidi aufue. Wanaicheka kofia yake, halafu hata kicheko chenyewe wanampa mtu mwingine. Aliliweka sinia mezani juu ya ndizi za plastiki, vikombe vikagongana. Akaichukua ile sindano.

Akakaa. Akafunga duara dogo, kwa shida, mara ya pili ndiyo likashika. Kicheko kikapungua chenyewe, kwa sababu akina mama wale hawawezi kuona sindano inafanya kazi wasiifuate kwa macho. Ursula alikuwa anahesabu kwa midomo. Vidole vyake vilikuwa vinang'ang'ania uzi kama mtu anayekamata kuku. Mzunguko wa kwanza ukapita. Mzunguko wa pili, akafika mwisho, akaruka tundu la mwisho, akaingiza mara mbili kwenye la kwanza. Mwanamke aliyekaa karibu yake aliona, akafungua mdomo amwambie kakosea, akaufunga. Mzunguko wa tatu akafanya vilevile. Mshono ukaanza kupinda. Akakasirika, akavuta, kijiwe kikajifunga.

Hakuna aliyekuwa anacheka tena. Kunegunda aliitazama kofia iliyokuwa magotini mwake. Akatazama kile kiduara kilichokuwa kinakua mikononi mwa Ursula. Akalifuata kovu la kofia kwa ukucha wake, taratibu, kutoka utosini kwenda chini, akarudi kutazama. Fundi cherehani hahitaji kuambiwa. Aliingiza tena ngumi yake ndani ya kofia, safari hii kwa adabu, kama anayeingia nyumba ya watu. Kisha akauliza, kwa sauti ya chini kabisa.

"Na vile vitambaa vyote vya nyumbani kwako, Mama Goodluck?"

Ursula hakuinua kichwa. Alikuwa katikati ya mzunguko na aliogopa kupoteza hesabu.

"Vya Devota."

"Devota yupi?"

"Wa Mpitimbi. Mdogo wangu. Vyote ni vyake, hata vya harusi yangu." Alipitisha uzi, akavuta. "Kofia ndiyo yangu. Mvalisheni mtoto, kuna baridi."

Upepo ulisikika kwenye mabati. Kunegunda akainuka, akaenda mpaka alipokaa Tumpe, akamvalisha mtoto ile kofia na kuivuta upande mfupi mpaka ikafunika sikio. Ikarudi juu. Akaivuta tena, akaishikilia kwa kiganja chake. Tumpe alisema asante, kisha akasogea kwenye kochi, karibu na mama mkwe wake, aone vizuri sindano inapoingia.

Chai ikanywewa. Waliongea habari za bei ya mbolea na ubatizo, wakaaga kwa heshima zote, wakatoka. Hakuna aliyecheka mpaka walipovuka geti. Hapo ndipo kicheko kilipowatoka, kirefu, cha watu waliokibana muda mrefu, na katikati yake akasikika mmoja akiuliza nauli ya bodaboda mpaka Mpitimbi ni kiasi gani na huyo Devota anapatikana siku zipi.

Ursula aliwasikia vizuri tu. Masikio yalimwaka moto. Alifika mwisho wa mzunguko, akasita, akamwuliza Tumpe, mtu wa hesabu, kama ameliona tundu la mwisho liko wapi.